Binti Yako Akichaguliwa Kucheza Filamu: Mambo ya Kufanya Kabla Kamera Haijawashwa

Simu iliingia saa tatu usiku, nikiwa natia nazi kwenye maharage. "Shikamoo mama. Binti yako amepita." Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na ndala mguu mmoja, masikio yote kwenye simu. Alikuwa na miaka 14, kidato cha pili. Nilipiga kigelegele hadi jirani akafungua dirisha. Asubuhi yake ndipo nilipokaa kitako nikajua sikumuuliza yule kijana swali hata moja: filamu inahusu nini, inashutiwa wapi, ni siku ngapi, nani anamlipa nani.

Tangu siku hiyo nimemsindikiza kwenye kazi tatu, na nimewasindikiza watoto wa wenzangu kwenye kazi nyingine. Nimesoma pia habari za waliotangulia, hasa wasichana wawili walioingia kwenye filamu wakiwa watoto: Shirley Temple wa Marekani na Madina Nalwanga wa Uganda. Yaliyomkuta Shirley miaka ya 1930 niliyaona kwa macho yangu Bagamoyo, kwenye filamu ya kwanza ya mwanangu. Na alivyopatikana Madina ndivyo mabinti wengi wa huku kwetu wanavyopatikana. Kwa hiyo wewe mzazi mwenzangu uliyepigiwa simu jana, au unayeisubiri, kaa nikwambie.

Mpeleke kwanza mahali pa kuchezea

Shirley alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Mama yake, Gertrude, ndiye aliyempeleka shule ya dansi ya Meglin mwaka 1931, mtoto akiwa na miaka 3. Huko ndiko watu wa kampuni ndogo ya filamu iliyoitwa Educational walikomkuta, amejificha nyuma ya piano.

Madina alikulia Kampala, akiuza mahindi mtaani tangu mdogo, kisha akaingia kwenye kikundi cha ngoma. Mwongozaji Mira Nair na watu wake walikuwa wameshaona mamia ya wasichana wakimtafuta atakayeigiza maisha ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa bingwa wa sataranji (chess). Walimpata Madina kwenye darasa la ngoma. Hakuwa amewahi kuigiza filamu. Mwaka 2016 Queen of Katwe ilipotoka, filamu ya Disney, dunia ilimwona akicheza sambamba na Lupita Nyong'o kama mama yake na David Oyelowo kama mwalimu wake wa sataranji.

Unaona wote wawili wametokea kwenye dansi. Ngoma inamfundisha mtoto kuhesabu hatua, kurudia jambo lile lile mara ishirini bila kununa, na kumsikiliza mtu mzima aliye mbele yake bila kumwogopa. Hivyo vitatu ndivyo mwongozaji anavyovitafuta, na kwenye usaili havifundishiki. Kwaya inafaa, kikundi cha ngoma cha shule kinafaa, kaswida inafaa. Wangu alikuwa kwenye kwaya ya watoto, sauti ya pili.

Usaili wenyewe una masharti manne tu kwangu. Uwe mchana. Uwe mahali pa wazi penye watu, si chumba cha hoteli. Niwepo. Na nisilipe hata shilingi mia. Ukiambiwa kuna "ada ya fomu", shika mkono wa mwanao mpande daladala mrudi nyumbani.

Soma hadithi yote wewe mwenyewe, na kalamu mkononi

Watakupa kurasa za mtoto peke yake na kukwambia zinatosha. Omba zote. Kurasa za mwanangu zilikuwa sita, hazina neno baya. Hadithi nzima ilikuwa na kurasa tisini, na kwenye ukurasa wa 41 kulikuwa na sini ambayo yeye hasemi kitu, amelala tu, huku mtu mzima anaingia chumbani na mlango unafungwa. Kwenye kurasa zake haikuwepo kwa sababu hakuwa na mistari.

Mimi hupiga alama tatu. Mstari mmoja chini ya anachosema. Mistari miwili chini ya anachofanya. Duara penye jambo anafanyiwa yeye. Kisha nakwenda kwa mwongozaji na duara zote, moja baada ya nyingine, nauliza: utaishuti vipi hii? Nani atakuwa ndani ya chumba? Atavaa nini? Ile ya ukurasa wa 41 tulikubaliana mlango ushutiwe peke yake siku nyingine, mtoto akiwa nyumbani. Walikubali bila ugomvi. Wengi hukubali ukiuliza kabla ya kazi kuanza. Wakishakodi taa na jenereta, hakuna wa kukusikiliza.

Filamu za kwanza za Shirley ziliitwa Baby Burlesks. Watoto wa miaka mitatu, minne, walivalishwa nepi zenye pini kubwa na kuigizishwa vituko vya watu wazima, wa baa na wa vita, ili watazamaji wacheke. Alilipwa dola 10 kwa siku. Na mtoto aliyesumbua alifungiwa ndani ya kisanduku cheusi cha mafundi sauti, ambamo hapakuwa na kitu cha kukalia isipokuwa bonge la barafu. Shirley aliyasimulia haya mwenyewe ukubwani, na alisema kisanduku kile ndicho kilichomfundisha kwamba muda ni fedha. Mtoto hakutakiwa kufundishwa hilo akiwa na miaka mitatu, wala kwa namna hiyo. Nilipoyasoma nilifunga kitabu, nikaenda kumtazama mwanangu alivyolala.

Mkataba: saa, shule, hospitali, na pesa kwa jina la mtoto

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 14, na kazi yenyewe iwe nyepesi, isimdhuru wala kumkosesha shule. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni marufuku kwa mtoto. Ibebe sheria hiyo, hata ikiwa kwenye simu. Mara mbili nimemsomea prodyuza kifungu cha usiku pale pale kwenye seti, saa moja na nusu jioni, na mara zote mbili tulifungasha tukaondoka. Kama mwanao hajafika 14, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yako kabla hujasaini karatasi yoyote. Mimi binafsi ningesubiri.

Andikeni saa ya kufika na saa ya kuondoka. Andikeni chakula. Andikeni nani anabeba gharama mtoto akiumia au akiugua.

Sasa pesa. Kazi ile ya kwanza tulikubaliana kwa mdomo, na karatasi iliyokuja baadaye ilisema salio litalipwa "filamu ikiuzwa". Nilisaini. Tulipata theluthi moja, iliyotumwa kwenye simu yangu kwa vipande vitatu, na salio halijaja hadi leo. Kijana aliyenipigia simu ile ya furaha aliacha kupokea simu zangu.

Siku hizi nataka nusu kabla ya siku ya kwanza na nusu siku ya mwisho, kabla mtoto hajavua nguo za mhusika. Na inaingia akaunti ya mtoto benki, si kwenye simu yangu. Hapa ndipo wazazi wengi tunaponyamaza, kwa hiyo nitalisema wazi: pesa ile si ya kodi ya nyumba, na si ya mtaji wa mama. Nauli na chakula chake nakata, naandika. Ninalo daftari la kaunta lenye safu za tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kilicholipwa na kilichotumika. Mwanangu anasaini kila mstari. Alianza na sahihi ya kitoto yenye ua, sasa ana sahihi ya maana.

Shirley alifanya kazi utoto wake wote. Kuanzia 1935 hadi 1938 ndiye aliyekuwa anajaza majumba ya sinema Marekani kuliko mwigizaji yeyote, mkubwa kwa mdogo. Alipofika miaka 22 akafungua hesabu zake: katika zaidi ya dola milioni 3 alizoingiza, kwa jina lake zilikuwa zimebaki kama dola 44,000. Kabla yake kulikuwa na Jackie Coogan, kijana aliyecheza na Charlie Chaplin mwaka 1921. Yeye alipokua hakukuta kitu, akawashtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938, na kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya California ya 1939 ya kumwekea mtoto sehemu ya mapato yake. Leo huko ni angalau asilimia 15 inayofungwa hadi afikishe miaka 18. Kwetu hakuna atakayekufungia. Funga mwenyewe.

Kwenye seti, usitoke

Nilitoka mara moja. Dakika ishirini.

Ilikuwa siku ya tatu Bagamoyo. Sini ilikuwa ya binti anayerudi kutoka shule akute mama yake amehama, nyumba tupu, kanga moja imebaki kwenye kamba. Alitakiwa alie. Tangu asubuhi walikuwa wamerudia mara saba na machozi hayaji. Simu yake ilikuwa kwenye sanduku la simu, kama za wote. Kijana mmoja akanifuata, "Mama, maji yameisha, tunaomba utusaidie dukani." Nikaenda.

Nikiwa narudi na katoni kichwani nilimsikia kabla sijafika uani. Kile hakikuwa kilio cha kuigiza, nakijua kilio cha mwanangu tangu anaota meno. Alikuwa anakatika pumzi. Watu wote wamesimama kimya, kamera inatembea. Mwongozaji akasema "kata," watu wakapiga makofi. Mtoto akanirukia shingoni. "Mama, bibi yuko hospitali gani?"

Walikuwa wamemwambia bibi yake ameanguka, amebebwa hajitambui, na mimi nimekimbia kwenda kumwona.

Nilimpigia mama yangu Morogoro, nikaweka sauti ya juu. Alikuwa anachambua mchele. Mtoto hakuamini hata aliposikia sauti, aliamini bibi alipomuuliza, kama anavyomuuliza kila siku, "Umekula?" Alikaa chini mchangani, akatetemeka mpaka jua lilipoanza kuzama. Sini ile ipo kwenye filamu na watu wanaisifu. Mwanangu huondoka sebuleni inapofika.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1934, Shirley akiwa na miaka 5 au 6, mwongozaji alitaka machozi yake, akamdanganya kwamba mama yake ametekwa na mtu wa kutisha. Shirley akalia, kamera ikachukua, na Gertrude aliporudi na kujua, aliwaka. Na mtoto yule alikuwa anaweza kulia bila hila yoyote akiachwa ajiandae. Niliposoma hapo nililia mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa mahali ambapo mtoto akigeuza shingo anakuona, lakini nje ya macho ya kamera. Maji yakiisha, waende wao. Ukibanwa haja, nenda naye. Na kabla ya sini ya kilio zungumza na mwongozaji, mbele ya mtoto, mkubaliane kwamba hakuna uongo kuhusu ndugu, mnyama wake, wala mtu yeyote anayempenda. Ombeni dakika kumi. Kazi ya pili tulifanya hivyo: alikaa peke yake akiegemea ukuta, watu wakaacha kuongea, fundi wa taa akazima hata redio yake. Alifumba macho. Dakika ya saba machozi yakaanza yenyewe, akanyanyua mkono kuonyesha yuko tayari. Walichukua mara mbili tu. Baadaye nilimuuliza alikuwa anawaza nini, akasema hilo ni lake. Sijauliza tena.

Mistari ya kusema mfundishe usiku, kitandani, kama hadithi. Gertrude alifanya hivyo hivyo; alimsomea Shirley kurasa za kesho kabla ya kulala, na asubuhi mtoto alifika anajua yake na ya wenzake. Usimfundishe namna ya kuitamka. Mwache aishike tu, mengine atayakuta na mwongozaji.

Beba pia: sweta, kwa sababu vyumba vyenye kiyoyozi huumiza koo, ndizi, pedi, mafuta ya nazi ya kutolea mekapu, na daftari la shule.

Shule haisimami

Kushuti kulipangwa likizo ya Juni. Kukavuka hadi wiki ya pili ya Julai, na mwaka ule ulikuwa wa upimaji wa kidato cha pili. Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa kabla, si baada, nikaomba kazi za wiki mbili. Tulizifanya ndani ya gari, mchana watu wakila. Siku hizi ni sharti langu: saa moja na nusu ya daftari kila siku ya kazi, na iandikwe kwenye ratiba ya siku kama sini nyingine yoyote.

Shirley alikuwa na mwalimu wake ndani ya studio, na sheria ya California ilimtaka asome saa tatu kwa siku. Hata hivyo aliingia shule ya kawaida yenye wasichana wengine alipokuwa na miaka kama 12, baada ya kuachana na studio iliyomlea. Na kumbe hata umri wake ulikuwa umepunguzwa mwaka mmoja ili aonekane mdogo zaidi. Alikaribia siku yake ya kuzaliwa akidhani anatimiza 12, akaambiwa ni 13. Ukiombwa kubadilisha umri wa mwanao kwenye fomu, hata mwaka mmoja, kataa.

Filamu ikitoka

Watamjua kwa jina la mhusika. Kariakoo watu walikuwa wanamwita jina la yule binti wa kwenye filamu, anageuka. Nyumbani tulikataza. Ukimwita jina lile hupati ugali. Kaka zake walilishika haraka.

Simu za "tuna kazi ya tangazo" zipokee wewe. Akaunti zake za mtandaoni uwe na neno la siri. Mtu mzima anayemwandikia mtoto moja kwa moja bila kupitia kwako, hata kama ni msanii mkubwa, mjibu wewe, kwa jina lako.

Tena tazama ni nani anabaki. Kwenye Queen of Katwe kulikuwa na binti mdogo, Nikita Pearl Waligwa, aliyeigiza Gloria, yule anayemwonyesha Phiona jinsi kete zinavyotembea. Mwaka 2016 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na Mira Nair akawa miongoni mwa waliohangaika kuchangisha fedha atibiwe India. Nikita alifariki Februari 2020, akiwa na miaka 15. Kila ninapoiangalia filamu ile namtazama yeye na kete zake. Mwongozaji anayempigania mtoto hata baada ya kushuti ndiye mtu wa kumpa mwanao. Unapopewa jina la mwongozaji au prodyuza, watafute wazazi wa watoto aliowahi kufanya nao kazi, uwaulize swali moja: baada ya filamu kutoka, aliwahi kupiga simu kujua mtoto anaendeleaje?

Usiku wa mwisho

Jambo la mwisho la kufanya ni dogo, na mimi nililipata kwa bahati. Binti wa kwenye filamu ya kwanza alikuwa amesukwa mistari ya kulala yenye rasta nyekundu, na kwa siku kumi na tano mwanangu hakuruhusiwa kuifumua, maana lazima afanane sini hadi sini. Siku tuliyomaliza tulifika nyumbani saa mbili na nusu. Nilitaka alale. Akaleta kitana, akakaa chini kwenye mkeka, akaniegemeza kichwa magotini.

Tulianza kufumua. Kila mstari alikuwa na la kusema: huu walinisuka siku ya mvua, huu ulinivuta nikalia, huu ndio wa siku ile ya bibi. Rasta nyekundu zikajaa sahani. Saa tano alikuwa amelala, upande wa kushoto umefumuliwa, wa kulia bado. Nilimfunika kanga nikamwacha pale pale. Upande wa pili tuliumalizia asubuhi, akaoga, akavaa sare.